Upawa Mmoja wa Supu

Alhamisi, tarehe 17 Aprili 2025. Guangzhou iliamka na manyunyu, na ule unyevu wa msimu unaozitoa kuta jasho na kuzifanya nguo zilizoanikwa juzi zinuke uvundo. Kazija Ussi aliamka kabla ya alfajiri, akaswali, akapanga viungo mezani, akavipangua, akavipanga upya. Akafuta sakafu, na sakafu ikarudi kulowa nyuma yake.

Imelda, mwenzake wa chumba na wa jiko, alimtazama kutoka kitandani.

"Dada, hebu kaa. Utaichosha sakafu."

"Nikikaa nitafikiri," alisema Kazija. "Na leo sitaki kufikiri."

Mlangoni palikuwa na begi lake dogo, limefungwa tayari. Begi hilo halikuwahi kutolewa vitu vyote miaka yote aliyoishi mjini humo. Viza yake ya biashara haikumruhusu kukaa zaidi ya mwezi kwa mara moja, kwa hiyo kila mwezi ukielekea ukingoni alipanda treni, akavuka mpaka hadi Hong Kong, akanywa chai kwenye mkahawa wa stesheni, akarudi kugongewa muhuri mwingine. Hakuwa mhalifu, wala hakuwa mkazi. Aliwapikia Waswahili waliokuja kununua viatu kwenye masoko ya Zhanxi na jinzi Xintang, akawapelekea chakula kwenye maboksi hadi hotelini kwao, na kila alipoinjika sufuria alijua tarehe ya kuondoka ilikuwa inasogea.

Kesho yake ilikuwa siku ya kuvuka tena. Lakini huenda hiyo ingekuwa mara ya mwisho.

Habari ililetwa na Murshid, kijana wa Kikwajuni, Unguja, aliyekuwa wakala wa kusafirisha mizigo kupitia bandari ya Nansha. Wafanyabiashara wa Brazil na wa India, ambao hukutana Guangzhou kila msimu wa maonyesho ya biashara, walikuwa wameamua kufungua ofisi moja ya pamoja. Wangenunua mashine kwa pamoja ili Mchina awapunguzie bei, na wao kwa wao wangeuziana: Mbrazil angelima mbaazi na choroko kwa ajili ya India, Mhindi angempelekea dawa na pikipiki. Serikali zao zilikuwa zimeshapeana mikono. Sasa wenye mali nao walitaka kutia saini. Ofisi ingekuwa na jiko, na jiko lingetaka mpishi wa chakula cha mchana. Mpishi huyo angepewa mkataba, na mkataba ungempa kibali cha kukaa mwaka mzima.

"Mwaka mzima, Bi Kazija," Murshid alimwambia. "Hilo begi lako utalifanya mto."

Karamu ya kutia saini ndiyo ingekuwa mtihani wake.

Imelda ndiye pekee ambaye hakuifurahia habari hiyo moja kwa moja. Yeye ni mtu wa Masasi, na kaka yake analima mbaazi.

"Yaani Brazil walime mbaazi wamuuzie Mhindi," alisema, akimenya vitunguu saumu kwa hasira, "na kaka yangu naye amuuzie nani? Na mimi niko hapa nawapikia waafikiane vizuri!"

"Kaka yako hana hekta elfu," alisema Murshid.

"Hana. Ana ekari tatu na mdomo mkubwa. Subiri nimpigie simu nimwambie dada yake ndiye aliyemenya vitunguu vya mkataba."

Kazija alicheka, lakini mikono yake haikutulia.

*

Jiko la ofisi mpya lilikuwa jipya kweli. Karatasi za kiwandani zilikuwa bado zimebanduka nusu kwenye milango ya makabati. Kazija na Imelda walifika asubuhi na vikapu vyao. Murshid aliingia, akatoka, akaingia tena, simu sikioni.

"Kumbuka, hakuna nguruwe na hakuna ng'ombe. Wabrazil walilalamika kidogo habari ya ng'ombe, wakakubali. Mbuzi imepita. Na wale Wahindi wanne hawali nyama kabisa."

"Murshid mwanangu, nimekua mlango kwa mlango na Mabaniani. Utanifundisha wewe?"

Hakuwa akijisifu. Alijua kuwa kwa Baniani asiyekula nyama, kuitoa nyama sahanini hakutoshi. Kwa hiyo alikuwa ameleta sufuria mbili: ile yake kubwa ya siku zote, kwa pilau ya mbuzi, na nyingine aliyoinunua mahsusi, haijawahi kuona nyama, kwa pilau ya viazi, karoti na njegere. Alinunua na kisu kipya na ubao mpya wa kukatia. Kaimati alizikaanga mwanzo kabisa, mafuta yakiwa mapya, ndipo sambusa za nyama zikafuata. Yote aliyapanga kichwani usiku kucha, akigeuka huku na huku hadi Imelda akamrushia mto.

Lakini shughuli ni shughuli. Kufika saa tano meko manne yalikuwa yakiwaka, madirisha yametanda mvuke, na Murshid yuko mlangoni akisema wageni wako kwenye lifti, hapana, bado, ndiyo, wako kwenye lifti. Supu ya mbuzi ilichemka kando. Kazija alifunua pilau ya mbuzi, akaiongezea supu kidogo, akafunika. Akafunua pilau ya mboga. Mchele ulikuwa umenyonya maji upesi, juu umekauka, rangi imepauka.

"Bi Kazija, birika za chai ziko wapi?" Murshid aliita.

"Kabati la chini! Na usiguse vikombe vyenye maua!"

Mkono ukachota, ukamimina, ukafunika. Akageuka kwenye birika.

*

Mzee Harshad, mmoja wa wale Wahindi wanne, alikuja jikoni mwenyewe kabla ya karamu kuanza. Alikuwa mtu wa miaka sabini na kidogo, mwembamba, suti ya kijivu, na aliingia huku akinusa kama mtu aliyeitwa kwa jina.

"Mdalasini," alisema kwa Kiswahili. "Hiliki. Na bizari nyembamba imekaangwa kwanza. Hodi humu ndani!"

Kazija aliduwaa. "Karibu. Shikamoo, mzee."

"Marahaba! Miaka mingapi sijaambiwa hivyo!" Akacheka hadi macho yakamtoka machozi. "Mimi mtoto wa Tanga, mama. Baba alikuwa na duka la nafaka Ngamiani. Tuliondoka nikiwa na miaka kumi na miwili, tukarudi India, Rajkot, na watoto wenzangu huko wakanicheka, wanasema huyu anaota kwa lugha gani. Mimi ndiye niliyewaambia wenzangu, mpishi tutafute Mswahili. Mbrazil hajui chakula changu, mimi sijui chake. Basi tukutane katikati, kwa Waswahili."

Alisogea kwenye sufuria mpya.

"Hiki ndicho changu?"

"Ndicho, mzee. Sufuria mpya, kisu kipya."

"Mimi nyama haijapita mdomoni mwangu tangu nizaliwe. Wala baba, wala babu." Alisema bila ukali, kama mtu anayetaja ukoo wake. "Kila ninakokwenda nauliza mara tatu. Wewe sitakuuliza tena. Nikikuuliza mara ya pili nitakuwa nakutukana."

Akaenda zake. Imelda alitikisa kichwa. "Mbaazi zetu zinakwenda kwa mtu mzuri hivi? Hata kumchukia siwezi sasa."

*

Sahani zilipelekwa. Huko ukumbini hotuba zilianza. Bi Rosana, mkuu wa ujumbe wa Brazil, mama wa makamo mwenye sauti nene, alizungumza Kiingereza cha taratibu, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi Kazija aliweza kuokota maneno: ardhi, mvua, nchi mbili kubwa zilizokuwa zikiuziana kupitia kwa watu wengine, sasa zinatazamana usoni. Watu walipiga makofi. Kwa adabu, hakuna aliyeanza kula.

Kazija alianza kuosha vyombo kwa sababu hakuweza kusimama bure. Akachukua upawa. Maji yalipoupiga, mafuta meupe ya mbuzi, yaliyoanza kuganda, yakaelea juu ya beseni. Na katikati ya mafuta hayo palinata punje mbili za njegere.

Akazitazama.

Pilau ya mbuzi haikuwa na njegere.

Akageuza kichwa kutafuta upawa mwingine. Hakukuwa na mwingine. Alinunua sufuria, alinunua kisu, alinunua ubao. Upawa hakununua, kwa sababu upawa ulikuwa wake tangu Unguja, mpini umeshika umbo la kiganja chake, na hakuna siku aliyowahi kuufikiria kama chombo. Ulikuwa mkono.

"Imelda," alisema polepole. "Ile pilau ya mboga ilipokauka juu, mimi niliongeza nini?"

"Supu," alisema Imelda bila kugeuka. "Nilikuona. Upawa mmoja. Nikasema moyoni, kumbe ndivyo mapishi yenu."

"Supu ya mbuzi?"

Ndipo Imelda alipogeuka. "Mungu wangu. Dada."

Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na mama yake na bibi yake: pilau ikikauka juu, irudishie supu, maji yataiua. Miaka thelathini mkono ulikuwa ukifanya hivyo bila kumwomba ruhusa, na leo haukuomba.

Murshid aliingia, akawaona walivyosimama. Imelda akamweleza kwa maneno mawili. Murshid akafunga mlango wa ukumbi.

"Upawa mmoja? Kwenye sufuria yote ile? Bi Kazija, hiyo ni harufu tu, si nyama. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe nyamaza, basi! Kibali chako kiko pale mezani, nakuapia. Bi Rosana ameshaniuliza jina lako linaandikwaje." Akashusha sauti. "Au sema imeungua. Waondolewe sahani, tuseme imeungua chini, tunaomba radhi. Mzee hatakula, hatajua, na wewe unabaki. Si uongo mkubwa."

Kazija alilifikiria. Kwa kweli alilifikiria, na lilimkaa vizuri kichwani, kama kiatu kilichotengenezwa kwa mguu wake. Pilau kuungua ni aibu ndogo. Kila mpishi ameunguza. Alikwenda hadi dirishani akarudi. Akakwenda tena. Begi lake alikuwa ameliacha nyumbani lakini alikuwa kama analiona pale kwenye kizingiti.

"Akiniuliza lini iliungua nitamwambia nini? Alikuja hapa, akanusa."

"Hatauliza! Alisema mwenyewe hatakuuliza tena!"

"Ndiyo hiyo inayoniua, Murshid," alisema Kazija. "Angeniuliza ningepona."

Ukumbini makofi yalilia, na viti vikasogezwa. Walikuwa wanaanza kula. Kazija alifungua mlango kwa mikono yenye povu la sabuni.

*

Mzee Harshad alikuwa ameshakusanya tonge. Alikula kwa vidole, kama alivyokula Ngamiani utotoni, na tonge lilikuwa nusu ya njia. Kazija alipita nyuma ya viti vyote, watu wakimgeukia, akainama karibu na sikio lake.

"Mzee, weka chini. Nisamehe. Nimetia supu ya mbuzi humo. Upawa mmoja."

Mkono wa mzee ulisimama hewani. Hakumtazama. Alilirudisha tonge sahanini, akafuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa.

"Makusudi?"

"Hasha. Mkono ulikwenda peke yake."

"Umejua lini?"

"Sasa hivi, naosha upawa."

Mzee alisema maneno machache ya Kigujarati, na wale wenzake watatu wakasogeza sahani zao mbali, mmoja kwa nguvu hadi kijiko kikaanguka. Kijana mmoja wa upande wa India aliinuka nusu na kusema kitu kwa hasira. Kalamu za kutia saini zilikuwa mezani, juu ya kitambaa cha kijani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Kazija alisikia mvua ikinyesha nje.

Bi Rosana aliuliza kwa Kiingereza kuna nini. Mzee akamweleza, kwa kifupi, bila kupamba na bila kumlaumu mtu. Mama yule aliitazama sahani yake, mfupa wa mbuzi umechomoza katikati ya wali, na ilionekana wazi kuwa alikuwa na njaa. Kisha akaisogeza mbele. Akawaambia wenzake kitu kwa Kireno; mmoja akaguna, lakini sahani zao nazo zikasogea, moja baada ya nyingine, kama vigari vya mizigo vinavyofuatana.

"Tukianza kula wao wanatutazama," alisema Bi Rosana, "tutatia saini nini?"

Ni mzee Harshad aliyeelekeza kidole kwenye sinia la kaimati.

"Hizi, mama. Mafuta yake yalikaanga nini kabla?"

"Hayakukaanga kitu. Kaimati kwanza, mzee. Sambusa baadaye."

Alimtazama sasa, kwa mara ya kwanza tangu aingie ukumbini, akamtazama kwa muda mrefu kiasi cha kumfanya Kazija atake kukimbia.

"Sasa nakuamini," alisema, akachukua moja, akaila.

Ndivyo mkataba wa wafanyabiashara wa nchi mbili ulivyotiwa saini kwa kaimati, tende, ndizi na chai ya maziwa. Wabrazil walizipenda kaimati. Kijana aliyekuwa na hasira alikula saba na bado akawa na hasira. Pilau zote mbili ziliondoka jioni kwenye maboksi, na vijana wa bohari ya Murshid walikula hadi wakalala juu ya marobota.

*

Murshid alileta jibu magharibi. Alibaki mlangoni wala hakuvua viatu.

"Wamechukua kampuni ya chakula, yenye bima na vyeti. Bi Rosana amesema amesikitika. Mzee amesema tu kamati ndiyo yenye uamuzi." Akajikuna kichwa. "Mimi nilikwambia useme imeungua."

"Uliniambia."

"Na kazi usingeikosa."

"Ningekosea mara mbili."

"Haya," alisema Murshid, "mwenye kichwa chake. Tiketi ya treni nikukatie ya saa ngapi?"

"Ya mchana. Asubuhi nina kazi."

Imelda hakumwambia pole. Alimpa upande wa kitanda ulio karibu na feni, na kwa Imelda hilo lilikuwa kubwa zaidi. Lakini Kazija hakulala. Mara ainuke anywe maji, mara aangalie begi. Kuna saa alifikiria kuwa alikuwa mpumbavu, na saa nyingine alifikiria tonge lile hewani, na kila alipolifikiria miguu ilimwasha kana kwamba bado hajafika kwenye kile kiti.

Kulipopambazuka alishuka sokoni. Alinunua sufuria ndogo, na safari hii alinunua na upawa. Muuzaji alimwuliza kwa nini hataki punguzo. Kazija hakuwa na maneno ya kumweleza, akamwambia pengyou, rafiki, nina haraka. Nyumbani Imelda alimpa, bila kuulizwa, mfuko wa mbaazi kavu kutoka Masasi aliokuwa ameuficha kwa ajili ya Pasaka.

"Mpikie. Na umwambie zimetoka wapi."

Kazija alizichemsha, akazipika kwa tui la nazi na pilipili mbichi, akasimama juu yake wakati wote, mkono mmoja ameuweka nyuma ya mgongo. Akafunika, akafunga kwa kitambaa pamoja na upawa, akachukua begi lake na kwenda hotelini kwa mzee.

Mzee Harshad alikuwa tayari chini, sanduku limefungwa, akisubiri gari la uwanja wa ndege. Alipoona kitambaa alijua. Karatasi ya bei ilikuwa bado imegandishwa kwenye mpini wa upawa, na hiyo aliiona pia.

"Mbaazi," alisema. "Za wapi?"

"Masasi, mzee. Kaka wa mwenzangu analima. Ana ekari tatu."

Alikula akiwa amesimama, kwa upawa ule ule, watu wa hoteli wakimtazama. Hakusema lolote juu ya kibali, wala Kazija hakumwuliza. Alipofika nusu alisita.

"Ni ndogo kuliko za Brazil," alisema. Akaendelea kula. "Mama yangu alikuwa akizichagua hizi hizi, ndogo."

Gari lilipofika alitaka kumrudishia sufuria. Kazija alikataa.

"Nenda nayo, mzee. Ikibaki kwangu itarudi kwenye supu."

Akamfungia vizuri kitambaa, akatundika begi lake begani, akaenda kupanda treni ya Hong Kong.